Kiti ya Kankolongo

Mama Jocelyne ni mufupi. Naanza na ile, juu bila ile hamutaelewa kintu. Akisimama pembeni yangu ku kwaya, kichwa yake inafika ku bega yangu, na mi pia siko murefu. Bwana yake, Kankolongo, alikuwa na miguu sawa ngazi. Akiingia mu gari yake, ile Corolla ya rangi ya maziwa, alikuwa anasukuma kiti nyuma mpaka mwisho, na magoti yake ilikuwa ingali inagusa usukani. Kama mutu alisema amuachie muke wake aendeshe kidogo, Kankolongo alikuwa anacheka: "Huyu? Ataangalia barabara mu tundu ya usukani!"

Kuendesha, Jocelyne alijua. Baba yake kule Lubudi alikuwa na lori ya kubeba mahindi, na alimufundisha angali musichana. Lakini Corolla ilikuwa ya Kankolongo, na kiti yake ilikuwa ya Kankolongo.

Sasa ni miaka saba tangu Kankolongo alitoka na lori ya tajiri mumoja kwenda Dilolo. Asubuhi ile mvua ilikuwa inanyesha. Aliiweka Corolla mu lupango, ile kiwanja ya nyumba yao, akafunga mulango, akaenda kwa miguu kutafuta lori. Ile lori baliikuta kisha kuvuka Mutshatsha, imesimama pembeni ya barabara, mulango wazi, mizigo yote mahali pake. Yeye hapana. Hakuna damu, hakuna kiatu, hakuna mutu mwenye aliona.

Mama yake Kankolongo, Kaku Tshiela, alikataa kilio. Kaku ni vile batu ya Kasai tunaita bibi muzee. Alisimama katikati ya bandugu benye balikuja na mikeka tayari, akasema: "Rudisheni mikeka yenu. Mi sililie mutu mwenye siyaona maiti yake. Kumulilia mutu muzima ni kumuzika na midomo."

Basi mikeka ilirudi. Na kwetu, kama kilio haiyafanyika, bintu ya mutu haiguswe. Sahani yake ilibaki ku kabati. Upande wake wa kitanda ulibaki. Gari ilibaki chini ya bashi, ile plastiki ya bluu ya kufunika mizigo. Jocelyne hakuwa muke, hakuwa mujane. Ku parokia, siku ya bajane hawakumuita, siku ya bandoa hawakumuita. Alikuwa anakaanga mikate ya kuuzisha ku mulango ya lupango, na kila saa gari kubwa ilipita, alikuwa anainua kichwa.

Majirani balikuwa banasema kama saa sita ya muchana, wakati upepo haiko, ile bashi ilikuwa inapanda na kushuka sawa mutu anapumua. Mi ni mukristu, sipende maneno ya namna ile. Lakini siku moja nilileta unga kwa Jocelyne, na nilikuta bashi imefunguka upande mumoja. Nilichungulia. Kiti ya Kankolongo ilikuwa na kishimo ya mugongo yake, na ya kukalia yake, kamili, sawa mutu ametoka sasa hivi. Miaka yote ile sponji haikupanda tena. Niliingiza mukono, nikagusa pale. Palikuwa na joto.

Ni jua, nilijiambia. Ni jua tu.

Nikagusa na kiti ya pembeni. Ilikuwa baridi.

Mwaka huu, kisha Pasaka, padri alitangaza ku misa Rali ya Magodoro. Magari ya kizee tu, mapya hayakubaliwe. Kila gari batu wawili mbele na magodoro juu, kutoka Kolwezi mpaka Kisenge, ku maternite fulani, nyumba ya kuzalia, yenye bamama banalala chini ku simenti, kisha mpaka Dilolo kufunga na misa. Kila mwenye gari atafute batu ya kumununulia magodoro. Batu bote balipiga makofi. Jocelyne hakupiga. Alinishika mukono.

"Mama Shekina, ile rali inapita Mutshatsha."

"Inapita."

"Utaikala na mi mbele?"

"Mbele ya nini?"

"Ya gari, mama!"

Nilimuangalia nione kama anacheza. Hakuwa anacheza.

"Mi nataka kupita tu kule, macho yangu ione," alisema. "Nikifunga macho naiona ile barabara, na kila siku ni barabara ingine. Siku moja iko na mulima, siku ingine iko na maji pembeni. Nikiona ya kweli, labda itabaki moja."

"Na Kaku, utamuambia nini?"

"Nitamuambia ni magodoro."

Kaku Tshiela alisikiliza bila kuacha kuchagua maharagi. Akasema: "Gari ya mwana wangu kubebea batoto ya batu magodoro, haiko mubaya. Lakini muitunze. Akirudi, aikute sawa aliiacha."

Mwenye alitusaidia ni Ibrahim. Baba yake alitoka Kasongo zamani, na yeye anabeba mizigo ya batu na pikapu yake. Yeye na Kankolongo balikuwa bandugu ya barabara: mumoja akikwama, mwingine hapite. Alikuja kisha sala ya Ijumaa, akatosha bashi, akaikunja pembeni, akafungua moteri, akaangalia muda murefu.

"Mama Jocelyne, hii haiko gari. Ni kuku ya kizee: supu iko, nyama hakuna."

"Basi tupikie supu, ndugu yangu. Feza ya nyama hatuna."

Tulitengeneza na mikono tupu. Magurudumu tulilomba kwa mwenye taxi mumoja, alitaka kuyatupa. Bintu ya kuzuia matope, Ibrahim alikata ku mukanda ya kizee ya mugodi, ile ya kupandisha mawe. Tanki ya mafuta ilikuwa inavuja, akaipaka sabuni ya kufulia, akaikandamiza na kidole mpaka ikanyamaza. Tulipokosa waya ya kufunga bomba ya moshi, alisimama mu lupango na mikono ku kiuno: "Angalia mambo ya Kolwezi! Tunalala juu ya shaba ya dunia muzima, na kipande moja ya waya ni vita!" Hata Kaku alicheka siku ile.

Kisha Ibrahim alileta batri ya pikapu yake. Jocelyne akafungua mulango ya Corolla. Aliikala ku ncha ya kiti tu, sawa mutu mwenye anaikala ku kitanda ya mugonjwa. Akageuza funguo. Kabla moteri haiyalia, vipanguzi vya kioo viliinuka. Hakuna mutu aliyevigusa. Vilienda kushoto, vikarudi kuume, kraa, kraa, juu ya kioo kikavu chenye vumbi.

Ibrahim alisema "Bismillahi." Mi nilifanya ishara ya musalaba. Na bote wawili tulirudi nyuma.

Jocelyne hakutoka. Alisema polepole: "Asubuhi ile mvua ilinyesha. Hakuvizima." Akaviacha viende. Vilipangusa mpaka kioo ikawa safi, na yeye alikuwa anaangalia mbele ku ukuta ya matofali, sawa vile ukuta ni njia.

Kisha Ibrahim akasema: "Sawa. Sasa usukume kiti mbele. Iko na chuma pale chini, uvute."

"Hapana."

"Mama, miguu haifike ku frein, utasimamisha gari na nini?"

"Nimesema hapana, Ibrahim. Pale ndipo Kankolongo eko. Nikisukuma, namutosha pale."

Ibrahim alipima na macho kutoka miguu ya Jocelyne mpaka ku pedali. Siku ya pili alikuja na mbao mbili nene, akazifunga juu ya pedali na mipira ya kizee ya baiskeli. Jocelyne akaleta mito ya kitanda, akaipanga katikati ya mugongo yake na kile kishimo. Vioo vya kuangalia nyuma navyo hakuvigeuza. Vilikuwa vimepangwa na macho ya mutu murefu. Yeye akiangalia, aliona mawingu tu. Kwa hiyo kazi ya nyuma ilikuwa yangu. Tulienda kujaribu ku njia ya Nzilo, mi nimegeuka shingo sawa kuku.

"Pikipiki ku kuume!"

"Ngapi?"

"Moja! Hapana, mbili! Yesu, iko na mbuzi!"

"Mbuzi inaendesha?"

"Jocelyne, angalia mbele!"

Tulicheka mpaka machozi. Lakini kurudi, hatukucheka. Tukifika ku lupango, Jocelyne alikuwa anazima gari, anatoka, na kiti inalia, nyii, juu uzito imetoka. Ile ni kawaida ya springi. Kisha, tukiwa tumekwisha kufika ku mulango ya nyumba, kiti ilikuwa inalia tena. Nyii. Mara ya kwanza nilifikiri ni masikio yangu. Mara ya pili niliona anasimama ku mulango, mukono ku kitasa, anangojea aisikie kabla ya kuingia.

Siku moja kabla ya safari, magari yote yalipimwa mu uwanja ya parokia. Mwenye kupima alikuwa Tata Kalala, muchofere wa bus wa zamani, mutu wa haki. Alizunguka Corolla yetu, akagonga gurudumu na kiatu, akapiga mukanda ya mugodi na mukono, akasema: "Ile itaishi kupita gari." Alifurahi. Kisha akafungua mulango ya muchofere.

"Mama, hii ni nini? Ni gari ao ni seremala?"

Batu bakacheka. Tata Kalala hakucheka. Alipiga magoti, akasukuma mbao ya frein kidogo tu na mukono. Ile mbao ikageuka, ikaingia chini ya pedali. Akaikanyaga: pedali haikushuka.

"Muko ku mulima na magodoro juu, ile mbao inageuka. Nani atasimamisha gari? Tosha hii bintu, sukuma kiti mbele."

"Kiti haisukumwe, tata."

"Imekwama?"

Jocelyne aliweka mukono ku kiti. Mi nikasema: "Ni ya bwana yake."

Tata Kalala alijua. Kolwezi yote ya bachofere inajua. Alipangusa mikono yake mu kitambaa muda murefu, kupita vile ilikuwa chafu. "Mama Jocelyne," alisema na sauti ya chini, "magari inatoka kesho asubuhi. Kama kiti iko mbele, natia muhuri. Kama haiko, magodoro yako itapanda mu gari ingine, bamama ya Kisenge hawatakosa. Lakini wewe utabaki. Siwezi kukuacha ukufe, nikakuja kumuambia Kankolongo nini?"

Vile alisema. Na yeye mwenyewe akashituka na maneno yake.

Tulirudi mangaribi haiyafika. Kaku Tshiela alikuwa ndani anapumzika. Jocelyne alimuita Ibrahim.

"Ndugu yangu, uko na nguvu. Vuta ile chuma."

Ibrahim alirudisha mikono nyuma ya mugongo. "Ulombe kintu yote, mama. Moteri nitaitosha na kuirudisha. Lakini rafiki yangu mi siwezi kumutosha mu kiti yake."

"Mama Shekina?"

Nilitingisha kichwa. Nilisema nitasali, na nikasali.

Basi akafanya yeye mwenyewe. Alitosha mito. Alitosha mbao. Aliikala, safari hii si ku ncha, aliikala ndani ya kile kishimo, ikamumeza. Alivuta chuma, kiti ikakataa. Kutu ya miaka saba. Ibrahim alimimina mafuta ya moteri ku reli, akarudi mbali. Akavuta tena, anajisukuma na kisigino, meno yamefungwa. Alikuwa anasema mu pumzi: "Nisamehe, papa. Nisamehe. Songa kidogo. Songa kidogo tu." Ile sauti mi siisahau. Ilikuwa sauti ya muke mu kitanda, kwa bwana mwenye analala katikati.

Kiti ikapiga kelele moja mukubwa, chuma juu ya chuma, ikaruka mbele. Kifua ya Jocelyne ikagonga usukani. Honi ikalia.

Kaku Tshiela alikuwa ku mulango. Hatukumuona kutoka. Aliangalia kiti, na nafasi yenye ilibaki nyuma yake, na Jocelyne na miguu chini ku pedali, kamili. Hakukasirika. Ningefurahi kama angekasirika. Alitosha kitambaa ya kichwa, akaifunga ku tumbo, akaweka mikono ku kichwa chenye mvi, akaachilia sauti ya kilio.

Kila mutu wa kwetu anajua ile sauti. Majirani hawakuuliza ni nani. Bamama balitoka kila upande na mikeka, benye balirudishwa siku ile na mikeka, na bengine banalia kabla ya kufika. Balimutosha Jocelyne mu gari, balimutosha viatu, balimuikalisha chini. Sasa alikuwa mujane. Na mujane haachi mukeka mpaka kilio iishe, hata mutoto muchanga mu Kolwezi anajua. Nilimuangalia, naye aliniangalia. Alisukuma kiti ili aende, na kwa sababu alisukuma, hakuweza kwenda tena.

Balilia usiku wote. Asubuhi tukasikia magari ya rali inapita ku barabara mukubwa, honi, nyimbo. Ibrahim alikuja kusimama ku mukeka, kofia mu mukono: kama banapenda, yeye ataendesha Corolla mpaka Kisenge. Jocelyne hakuinua kichwa. Nyimbo ilikuwa inaenda mbali.

Kaku Tshiela ndiye alisema, na sauti imekatika.

"Maiti iko wapi?"

Bamama bakaacha kulia.

"Nauliza ninyi bote munajua desturi. Maiti iko wapi?"

Mama muzee mumoja akajibu: "Kaku, hatujue. Iko kule, ku barabara."

"Na kilio inafanyiwa wapi? Si pale maiti iko? Tunafanya nini mu hii lupango tupu?"

"Lakini mujane hatoke ku kilio, Kaku! Hatuyaona vile!"

"Na mi siyaona lori inabaki na mutu anapotea. Mujane hatatoka ku kilio." Alisimama, anajishika ku ukuta. "Kilio ndiyo itatoka. Jocelyne, mwana, simama. Usivae viatu."

Tukaingia mu gari, Kaku peke yake nyuma, mukeka imekunjwa ku magoti yake. Ku parokia magari ingine ilikwisha kwenda. Tata Kalala alikuwa anafunga meza yake. Aliona kiti. Aliona miguu ya Jocelyne bila viatu, na kitambaa ku tumbo ya Kaku. Akatosha kofia. Mulinzi wa parokia akamukumbusha kama sheria ni batu wawili. "Wawili mbele," Tata Kalala akasema. "Nyuma, sheria haikusema kintu." Akapiga muhuri. Bakafunga magodoro juu.

Tulisafiri bila nyimbo. Kaku alikuwa analia polepole, sawa mutu mwenye anafanya kazi murefu na hapende kumaliza nguvu. Tulivuka Mutshatsha. Kutoka pale, ku kila kona, alikuwa anagusa bega ya Jocelyne.

"Ni hapa?"

"Sijue, Mamwenu." Vile anamuita mama mukwe wake, na luga yetu.

"Punguza mubio."

Jocelyne anapunguza. Kaku anatosha kichwa mu dirisha, anaita: "Kankolongo! Ee, Kankolongo!" Tunasikiliza. Majani, vumbi, nzige. Tunaenda mbele. Kona ingine. "Ni hapa?" "Sijue, Mamwenu." Kila mara akiita, nilikuwa naogopa hatajibiwa, na nilikuwa naogopa atajibiwa.

Mwisho Kaku akasema: "Simama."

"Ni hapa?"

"Hapana. Lakini nimechoka. Na hapa iko na kivuli. Angependa hapa."

Tukatandika mukeka pembeni ya barabara. Kaku akaniambia nisali, mi mwenye kujua masala. Nikafungua mudomo na nikakosa. Sala ya benye balikufa ao ya basafiri? Nikasali Baba Yetu, juu ile inafaa bote wawili. Jocelyne hakulia. Alisimama na miguu tupu mu vumbi, akaangalia ile barabara mbele, akaiangalia nyuma, murefu.

"Ni barabara tu, Mama Shekina," akaniambia. "Barabara tu."

Muuza makala mumoja alifika na baiskeli yake, magunia yamemupita kichwa. Alipoona mukeka, alishuka, akaegemeza baiskeli ku muti, akasimama na sisi na heshima. Kisha akauliza: "Pole, bamama. Munamulilia nani?"

Jocelyne akajibu: "Bwana yangu. Alikufa hapa."

Yule tata akaangalia majani, akaangalia barabara. "Hapa? Mi napita hapa kila siku, mama. Sikusikia."

"Sasa umesikia," Jocelyne akamuambia.